Sia Ephraim Kileo, Aliyewajibu Watoto

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliotoka Pinetown, Chatsworth na kwingineko mkajaa humu hadi wengine wamesimama nje, naitwa Elirehema Kileo, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mdogo wetu, kazi ambayo kwa umri wangu na wake ilipaswa aifanye yeye kwa ajili yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1985 huko Machame, mkoani Kilimanjaro, akiwa kitindamimba wa Mzee Ephraim Kileo, alianza shule ya msingi hapohapo Machame mwaka 1993 na kumaliza 1999, akasoma sekondari hadi kidato cha sita mwaka 2006, na mwaka 2009 akahitimu shahada ya isimu jijini Dar es Salaam, somo ambalo nyumbani hakuna aliyelielewa, baba akiwa na matumaini hadi siku ya mahafali kwamba binti yake angetokea mlango wa pili akiwa mwanasheria.

Alifundisha sekondari Arusha hadi Februari 2013, alipokuja hapa Durban kusoma shahada ya uzamili, kisha uzamivu alioupata Aprili 2018, akaajiriwa kuwa mhadhiri, na kazi yake ilikuwa kuchunguza namna watoto wadogo wanavyoipata lugha, akizunguka kwenye nyumba za wahamiaji kule Jacobs na Pinetown, akikaa sakafuni na kinasa sauti kusikiliza watoto wanaobwabwaja, hata baba akauliza ni chuo gani hicho kinachomlipa mtu kwa kazi ambayo bibi zetu waliifanya bure. Alipenda kutueleza, tena tukiwa tunakula, kwamba hakuna mtoto anayefundishwa sarufi na mama yake, kwamba huyu wa miaka miwili anayesema taka maji hakuna atakayemwekea ubao, lakini baada ya miezi kadhaa utamsikia akisema nataka maji, baba anataka maji, kila kitu mahali pake, kwa sababu tu watu wamezungumza naye na kila akisema amejibiwa, na hilo la kujibiwa ndilo alilolisisitiza, akitukasirikia waziwazi sisi tunaomnyamazisha mtoto anayeuliza, au tunaompa jibu lolote ili aondoke mbele yetu.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na ndugu Dominiki Mosha wa Kibosho, Moshi, fundi mitambo katika kiwanda kimoja hapa Durban, wakangoja sana, na tarehe 30 Agosti 2021 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Carmel.

Carmel alifikisha miaka mitatu hajasema neno lililoeleweka, masikio yalipimwa yakakutwa mazima, ila alinyamaza tu, na hapo mdogo wangu aliteseka, maana watu walisema mtaalamu wa lugha za watoto amezaa bubu, chekechea wakashauri Kiswahili kiachwe abaki na Kiingereza peke yake, jambo ambalo wengi wetu humu tumelifanya na leo tunaongea na watoto wetu Kiingereza cha kuokoteza. Jirani yake, Mama Grâce, Mkongomani, ndiye aliyemtia moyo, akamwambia, “Mama Carmel, tuliza roho, huyu mtoto iko anasikia vyote, siku moja itatoka,” naye Sia akalia, akafuta machozi, akaendelea kuzungumza na mwanawe Kiswahili jikoni, bafuni na kwenye foleni ya teksi, akiuliza na kusubiri jibu lisilokuja.

Januari mwaka huu sauti yake ilianza kukwaruza, tukadhani mafua, mwezi Machi ikathibitishwa kuwa saratani ya koo, na tarehe 11 Juni alifanyiwa upasuaji uliomwachia uhai ukamwondolea sauti, na ilikuwa mwezi Julai, Mungu peke yake anajua kwa nini mwezi huo, Carmel alipofungua kinywa, tena kwa sentensi nzima, akiwa amesimama kando ya kitanda, akasema, “Mama, mbona siku hizi hunijibu?” Sia alimpapasa uso kwa mikono miwili, akacheka bila sauti huku machozi yakimtoka, kwa kuwa alichokingoja alikuwa amekisikia na hakuwa na namna ya kukijibu, nami niliyekuwepo sijawahi kuona furaha yenye uchungu kama ile.

Hali ilibadilika mwishoni mwa Agosti, na Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa ameshikwa mkono na mume wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, wahadhiri wenzake, Mama Grâce na majirani waliopika tangu Jumapili bila kuombwa, na Watanzania wa Durban mliohangaikia safari ya mwili, utakaoondoka kesho kwenda kuzikwa Kibosho.

Karatasi niliyopewa inaishia hapo, lakini shemeji Dominiki ameniomba niseme jambo ambalo yeye limemshinda, na simlaumu. Tangu Jumapili, kama ilivyo desturi yetu, tumemficha mtoto msiba, tukamwambia mama amesafiri Moshi, tukiona ndiyo huruma, naye akatuamini, na jana alimwambia kila aliyeingia mlangoni kwamba anapanda ndege kumfuata mama, ameshachagua na gauni, akawa anauliza kama mama akiwa Moshi ataweza kumjibu, nasi wote tukatazama pembeni. Siwezi kumpandisha ndege mtoto wa Sia kwa uongo, ashuke kule akimtafuta mama katikati ya watu wanaolia.

Carmel, mwanangu, njoo hapa kwa mjomba. Umeuliza, nami nakujibu. Mama hakusafiri. Mama amekufa, yumo ndani ya sanduku hili, na hatarudi. Alikusikia uliposema naye, akafurahi sana. Moshi tunakwenda kumzika, na utakuwa na baba na mimi. Kama una swali jingine, uliza sasa hivi, mama. Watu hawa wote watasubiri.

Pumzika kwa amani, Sia.