Mistari ya Shaba Isiyogusana

Vuteni viti, wasikilizaji wapendwa. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana leo tunamkumbuka mhandisi aliyeitwa Mama Unywele.

Alitengeneza vichujio vya mawimbi ya redio. Mimi niliyeishia darasa la saba nilidhani kichujio ni cha chai tu. Akanicheka. "Ndicho hichohicho, shoga yangu. Wimbi unalolitaka linapita, la jirani linabaki nje kama majani ya chai."

Zahanati ya mlimani ilikuwa ikiita gari la wagonjwa kwa redio. Ukasimamishwa mnara mpya jirani na hospitali, sauti ya zahanati ikamezwa. Muuguzi anaita, hospitalini wanasikia mchakacho tu. Vichujio vya dukani vilikuwa vikubwa kama ndoo, na kisanduku cha kupokelea mawimbi, kule juu ya mlingoti wa hospitali, kilikuwa na nafasi ya kiganja tu.

Mama Unywele akachora mistari ya shaba kwenye kibao chembamba, akaikunja kama vibanio vya nywele ili ienee. Na hapa ndipo mimi hushika kichwa: mistari hiyo haigusani. Haigusani kabisa! Kati yake kuna mwanya mwembamba kama unywele, ndiyo asili ya jina lake, na wimbi linaruka toka mstari hadi mstari. Si wimbi lolote. Lile lile alilolitaka yeye.

Binti yake anasimulia: "Mama alikuwa akiutazama mwanya kwa lenzi mpaka chai inapoa. Nikimuuliza anaangalia nini, ananijibu, 'Pale pasipo na kitu.'"

Siku ya majaribio, mezani mambo yalikuwa shwari. Watu wakapiga makofi. Mdogo wake, fundi wa minara, akafunga kifuniko cha bati. Kimya.

"Dada, umeua redio!"

"Ufunike wewe, niue mimi?"

Utani tu huo. Kosa lilikuwa la Mama Unywele, na alilijua papo hapo. Bati likikaa karibu na mistari, wimbi huhama njia. Yeye alikuwa amekipigia hesabu kichujio kilicho wazi, kana kwamba hakitavaa kofia maisha yake yote. Na kule mlimani muuguzi bado anaita, hasikiki.

Akaanza upya, safari hii kifuniko kikiwa ndani ya hesabu. Mdogo wake akapanda mlingoti, akakifunga. Hospitalini watu wakaizunguka redio, mara sauti ya muuguzi ikatoka.

"Nina mama mjamzito, anatoka damu. Mnanisikia?"

"Tunakusikia! Gari linakuja."

Mama Unywele akaketi sakafuni, machozi yakamtoka. Simu yake ikalia. Ni mdogo wake, bado yuko juu na upepo. "Dada, nishuke, au kwanza umalize kulia?"

Yule mama mjamzito alipona. Mwanawe naye yupo, mtundu hasemeki.

Kwa binti wa marehemu, na kwa mdogo wake fundi, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ni nani anayeita karibu yetu, hatumsikii kwa kelele zetu wenyewe?

Mwenye kelele nyingi hapa ni mimi. Ngoja ninyamaze, msikilize.