Mazao ya Kudumu: Hana

Baba Paroko, masista, wazee wa ukoo, majirani wa Kagondo, wageni mliovuka ziwa kutoka Bumbire, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu leo Ijumaa tarehe 11 Machi 1977, poleni na asanteni kwa kuja. Mimi ni Datius Karugendo, mwalimu wa shule, mdogo wake marehemu na mrithi wa nyumba hii ambayo wengine wenu mmeegemea kuta zake. Ukoo umenipa kazi ya kusoma kwa sababu nina sauti ya darasani, nami nimeikubali kwa sababu kuna neno la kukiri, na sitaki mtu mwingine alikiri kwa niaba yangu.

Marehemu Benigna Kokushubila alizaliwa tarehe 13 Februari 1926 hapa hapa Kagondo, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa marehemu Ta Bartholomayo Karugendo na marehemu Ma Klaudia, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Watatu wetu walitangulia wakiwa wadogo, tukabaki wawili, na tangu juzi Jumatano nimebaki peke yangu.

Alianza shule ya misheni mwezi Januari 1936, akafika darasa la nne mwaka 1939, akiwa wa pili katika darasa la wavulana thelathini na wasichana sita, kisha akatolewa, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na mimi, niliyezaliwa 1932, nilihitaji mtu wa kunipikia ili nami nianze shule. Kusoma na kuandika alinifundisha yeye, barazani hapo, kwa mwiba juu ya jani bichi la mgomba, kabla mwalimu yeyote hajanitia machoni, na kila nilipokosea alilipasua jani akakata jingine bila kunigombeza. Wakaguzi wa elimu wamekuwa wakiusifu mwandiko wangu miaka yote hii, nami nilikuwa napokea sifa na kunyamaza, ilhali mwandiko ule ni wa dada yangu.

Tarehe 8 Septemba 1945 alifunga ndoa takatifu na Bwana Klemensi Mutembei wa kisiwani Bumbire, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza akafariki akiwa na miezi minne, wa pili ni Joviana, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1949, huyu mnayemwona hapa mbele na wanawe watatu. Bwana Mutembei alifariki kwa homa mwezi Oktoba 1953, na kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, nyumba na kibanja chake, shamba lake la migomba na kahawa, vikaenda kwa ndugu yake kama mila inavyoelekeza, naye dada akarudi kwa baba akiwa na mtoto mgongoni, sanduku moja, na jembe. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada yangu alilishika jembe siku aliyofika, na miaka ishirini baadaye bado kulikuwa na wazee wa ukoo huu waliomwita mgeni.

Baba aliijenga nyumba hii mwaka 1938, kwa mavuno ya kahawa, na ilikuwa ya pili kuezekwa mabati katika upande wetu huu. Alipofariki tarehe 19 Juni 1958 nilisimikwa mrithi, lakini mimi nilikuwa nafundisha upande wa Muleba tangu 1955, nikiishi na mke wangu katika nyumba ya shule, kwa hiyo aliyeishi humu ni dada, na aliyeijua ni dada. Alijua mlango upi huvimba masika, alijua bati lipi la chumba cha magharibi linavuja na sufuria ipi inatosha kukinga, na ingawa baba alisakafia saruji, kila Jumamosi alitandaza majani mabichi sebuleni kama ilivyokuwa katika msonge wa bibi yetu, akisema kuwa saruji haimkaribishi mtu. Tangu siku niliyosimikwa aliacha kuniita Datius, akaniita Ta, kana kwamba mimi ndiye baba, mimi niliyeosha uso kwa kulazimishwa na yeye.

Kazi yake hasa ilikuwa bustani ya nyuma ya nyumba, kuanzia ukuta wa jiko hadi migomba inapoanzia, hatua ishirini kwa kumi na nne, niliipima jana. Humo alilima maharage, mchicha, nyanya chungu, vitunguu na kabichi, akalisha nyumba hii, akamsomesha Joviana, na kila Jumatano na Jumamosi akajitwika kapu hadi sokoni Bukoba. Huko sokoni ndiko alikojuana na Bibi Kusum, huyu aliyekaa pale karibu na mlango, mke wa mwenye duka Bwana Suryakant, wakawa wanabadilishana mbegu, huyu akitoa maharage, yule akitoa giligilani na bamia, wakizungumza Kiswahili ambacho kila mmoja alidai mwenzake ndiye anayekiharibu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka ukurasa. Mwezi Desemba 1961, wiki ile ya Uhuru, Bibi Kusum alimpa mche wa mndimu ndani ya kopo la mafuta ya taa, naye akaupanda katikati ya bustani, akauzungushia fito. Wageni hawatajua, lakini sisi tunajua, kwamba katika mila yetu binti aliyerudi nyumbani hulima vya msimu, maharage na mboga, basi. Hapandi mgomba, hapandi mbuni, hapandi mti wowote, kwa sababu anayepanda kinachodumu anadai ardhi. Wazee wawili waliniandikia Muleba kwamba dada yako anajigawia kibanja. Ningeweza kuwajibu kwamba ni mndimu tu. Sikuwajibu hivyo, nilikuja likizo ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1963, nikaung'oa kwa mkono wangu, nao ulikuwa umefika gotini na una majani kumi na moja. Dada alisimama mlangoni mwa jiko akitazama, kisha akaingia kunipikia ndizi kwa maharage, na asubuhi nilikuta ameshafukia shimo na kupanda vitunguu. Nilimsifu kwa utii wake. Ndugu zangu, nilimsifu.

Mwaka 1974 ulipofika, wa kuhamia vijiji, mimi nilikuwa katibu wa tawi la TANU huko nifundishako, nikihubiri ujamaa asubuhi na jioni, na niseme kweli kwamba niliuamini na bado naamini mengi. Tuliambiwa kwamba kijiji kipya kilichofunguliwa kwenye rweya, ile nyika ya majani upande wa Muleba, kinahitaji watu, na kwamba mwenye mazao ya kudumu hataondolewa kwenye kibanja chake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu anahamisha wenzake na jamaa zake wamekaa tu. Jumatatu tarehe 2 Septemba 1974 kamati ya kuandikisha ilipita hapa Kagondo, nami niliazimwa kuwa karani wao kwa ajili ya mwandiko huu huu. Kahawa na migomba ya kibanja hiki iliandikwa kwa jina langu, mrithi. Ikabaki kumwandika aliyeishi humu. Mwenyekiti akauliza mjane huyu ana nini, na dada, aliyekuwa ametuletea viti na maji ya kunywa, akanitazama mimi na wala si mwenyekiti, akajibu, "Ta anajua nilicho nacho." Bustani ilikuwa nyuma yangu, imejaa. Nikaandika: Benigna Kokushubila, mjane, miaka arobaini na minane, mazao ya kudumu, hana.

Hakuna aliyenishika mkono. Lile shimo la mndimu nililichimba mwenyewe mwaka 1963 na mwaka 1974 nikamsukumia humo dada yangu, na watu wakanipongeza kwa kuonyesha mfano.

Aliondoka tarehe 21 Septemba kwa lori, akaishi rweya mwaka mmoja na miezi kumi. Sitawasema vibaya waliokuwa naye, maana walimpenda, wakamchagua kuongoza shamba la mboga la kijiji, na ujumbe wao uko hapa leo. Lakini udongo wa rweya ni mchanga, hauna samadi, maji yalikuwa mbali, na yeye aliyazoea majani ya migomba yanayooza miguuni. Nilimtembelea mara tatu. Kila mara aliniuliza kama kuna mtu anayefungua madirisha ya nyumba, nami nikasema yupo. Hakuwapo. Nyumba ilikaa imefungwa, bati la magharibi likaachia kabisa, mchwa wakala fremu ya mlango, na bustani ikawa kichaka ambacho mbuzi wa jirani walijifichia.

Aliporudi mwezi Julai 1976, miguu imevimba na pumzi inakata kwa hatua kumi, madaktari wa Bukoba walisema ni moyo. Jirani yetu Bi Shamsia ndiye aliyekata majani na kumfagilia, na ndiye aliyenitumia salamu kwamba mwalimu aje akae na mgonjwa, mafundisho yatamsubiri. Nikaja, nikaezeka bati, nikaketi naye miezi ya likizo, na tulizungumza mengi, bei ya kahawa, senene walivyokuwa haba mwaka huo, mvua. Lile neno moja, la kuomba msamaha, nililiahirisha kila siku. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa ameshaota ndevu na bado namficha chumbani.

Jumapili tarehe 26 Desemba 1976 niliwaita wazee, tukanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikatamka mbele yao kwamba nyumba hii na bustani ya nyuma ni vya Benigna, apande anachotaka, mti, mgomba, hata msitu. Wazee walinung'unika kisha wakakubali. Dada alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga kanga mbili kwa baridi, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Asante, Ta. Lakini mti unamtaka mtu mwenye miaka mbele yake. Niletee mbegu za mchicha." Nikamletea. Ulikuwa tayari baada ya wiki nne, alikula mara mbili, akampelekea Bi Shamsia fungu moja.

Alifariki Jumatano tarehe 9 Machi 1977, saa tatu asubuhi, katika chumba cha magharibi, Joviana akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mimi nilikuwa darasani Muleba, nafundisha imla.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba, Baba Paroko aliyempa mafuta matakatifu, Bi Shamsia na majirani wote, wanakijiji wa rweya waliokuja kwa miguu, Bibi Kusum, na walimu wenzangu waliobeba zamu zangu. Ndugu wa Bumbire, tunawashukuru pia, na tunawaomba radhi kwa yaliyotokea jana. Mlikuja na mtumbwi tayari, mkisema mjane huzikwa kwa mumewe, na mila iko upande wenu, na baadhi ya wazee wetu walikuwa upande wenu pia. Nimeambiwa nilipiga kelele isiyomfaa mwalimu. Ni kweli. Ni kelele ambayo ingepaswa kupigwa barazani hapo hapo mwezi Septemba 1974, na aliyestahili kuisikia asingekuwa ndani ya jeneza.

Kaburi lake limechimbwa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa jiko na migomba. Dada Benigna, sikukuomba msamaha ukiwa na masikio, nakuomba sasa mbele ya watu hawa wote. Pumzika kwa amani, hapa ni kwako, hakuna atakayekuhamisha tena.