Kaske Aliyoshonewa Nzigire

Ndugu, majirani, watu wa kanisa, ninyi mliovuka kutoka Bukavu: tunayemzika ni Nzigire Birindwa. Maneno haya ni ya babu yake, Mulume. Hakusoma. Amesema, na Uwamahoro, jirani, ameandika.

Nzigire alizaliwa tarehe 4 Machi 2005, hapa Nkanka, mtoto wa pekee wa Birindwa na Mukeshimana. Mvua ilikuwa kubwa. Bibi yake, marehemu Antoinette, ndiye aliyempokea. Akasema, "Huyu analia kama muntu mwenye haraka." Kweli alikuwa na haraka.

Shule alianza mwaka 2013. Alikuwa darasa la sita, mtihani ungekuwa Novemba. Alimsomea babu yake barua, karatasi za dawa, hata maandishi ya gunia la mchele. Babu akisema inatosha, yeye aliendelea mpaka jina la kiwanda.

Kazi. Babu yake anashona viti vya moto, hizi pikipiki, karibu na gare ya mabasi ya Kamembe tangu 1988. Wakati wa likizo Nzigire alikuja kumtungia uzi kwenye sindano, maana macho ya babu yamechoka.

Ndoa hakufika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mwezi wa sita mwaka huu, papa yake, Birindwa, alimletea kamoto kutoka Bukavu, kale kadogo ka batoto. Tulisema ni ka kuchezea. Kwenye barabara kubwa hakaendi, basi hakuna aliyeuliza mengine. Kaske ya mtoto, kofia ngumu ya kukinga kichwa, haikupatikana sokoni Kamembe. Babu alichukua ya mtu mzima, akajaza sponji ya viti, akashona juu kitambaa chekundu. Nzigire akamsomea koko yake maandishi ya ndani.

"Koko, hapa wameandika ni ya kichwa kikubwa."

"Sponji itajaza."

"Na kama kichwa yangu inazunguka ndani?"

"Zunguka nayo. Fundi ni mimi ao ni wewe?"

Akacheka. Akavaa.

Alhamisi tarehe 19 Julai 2018, saa nne asubuhi, aliteremka na kamoto njia ya ziwani. Uwamahoro alikuwa anapalilia mihogo, aliona. Gurudumu liliteleza kwenye changarawe. Kaske ilitoka kichwani kabla yeye hajafika chini. Ilikutwa kati ya mihogo, kamba ya kidevuni ingali imefungwa. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Hospitalini hakufungua macho siku mbili. Daktari aliuliza, "Mzee, alikuwa amevaa kaske?" Mimi, babu yake, nikajibu ndiyo.

Haikuwa kweli: kichwa kilipofika chini hakikuwa na kitu.

Alifariki Jumamosi tarehe 21 Julai, saa tisa mchana. Mama yake alikuwa amemshika mguu.

Ameacha baba, mama, na babu. Bibi yake yuko hapa pembeni tangu 2014. Nilikuwa nimejiwekea nafasi hii mimi.

Neno lingine. Kaske za namna ile nilishona tano. Moja ni yake. Mbili zilikuwa Kamembe, nimekwisha kuzifuata. Moja iko hapa Nkanka. Mwenye nayo ananisikia, ailete leo. Ya tano ilienda Nzahaha. Maman mmoja alikuja na binti mdogo mwenye pengo mbele, nikampima kichwa kwa uzi. Jina sikuuliza. Watu wa Nzahaha, nawaomba, naomba sana, mtafuteni. Mwambieni mama yake: Mulume alikosea. Sponji haishiki kichwa. Kama kaske ya kipimo cha mtoto haipatikani, kamoto kasimame. Mtoto aende kwa miguu, alie, anune, lakini aende kwa miguu.

Mniletee nizipasue. Aliyekuwa ananitungia uzi hayupo. Kwa kupasua siuhitaji.

Nzigire wetu, pumzika. Mungu akupe amani. Haraka imekwisha.