Mshenga wa La Casita Anarudi Nyumbani

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, Don Fidencio Arriaga, mkurugenzi wa La Casita, kituo chetu cha utamaduni hapa chuoni, atastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake, na imenisihi nisimlize. Sijui kamati hiyo inamzungumzia nani. Don Fide tunayemjua sisi huandaliwa taulo na wanafunzi kila mahafali, maana kitambaa cha mkononi hakimtoshi.

Alipoajiriwa mwaka 1994, La Casita ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bwalo, stoo ya zamani ya mafagio. Wanafunzi wa Kilatino, wenye asili ya Mexico na nchi jirani zake, walikuwa wachache, na wengi walifungasha virago kabla ya Krismasi. Masomo hayakuwashinda. Upweke ndio uliowashinda, na chuoni hapakuwa na mtu wa kuwauliza kama wamekula.

Mama yake, Doña Herminia, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Mpango wao ulikuwa kurudi Michoacán, Mexico, ambako alikuwa na nyumba aliyoifunga kwa mkono wake, na ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi ya kwanza ya kazi alimsindikiza mwanawe hadi ofisini kwa Mkuu wa Wanafunzi, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Bwana, nakuazima mwanangu miaka miwili," akasema. "Miwili tu. Halafu unirudishie."

Mkuu alicheka. Doña Herminia hakucheka.

Kazi nzito ya kwanza ya Don Fide nilikuwa mimi, Maricruz Olmedo, ambaye leo ni naibu wake. Nilikuwa nimepata nafasi chuoni na ufadhili kamili, lakini baba yangu, Abundio, alikuwa amekataa katakata. Kwake, binti asiyeolewa hulala kwao. Zikiwa zimebaki siku chache nafasi yangu apewe mwingine, Don Fide alikuja nyumbani kwetu, kwenye mashamba ya matufaha. Ilikuwa Jumapili alasiri. Shati limenyooshwa kwa pasi, kofia iko mkononi, boksi la mikate mitamu kwapani, na mama yake ubavuni. Alikuwa amemleta mama yake makusudi, ili baba yangu asimtilie shaka kijana asiye na mke.

Kitu kimoja kilikuwa kimempita. Kwetu, mwanamume akija Jumapili na mkate, kofia na mama yake, amekuja kuposa.

Mama yangu alikimbilia chumbani kubadili gauni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, natamani ardhi ipasuke inimeze.

"Don Abundio," akaanza mgeni kwa adabu zote, "nimekuja kwa heshima kubwa kumwomba binti yako..."

"Una miaka mingapi wewe?" baba akamkatiza.

"Thelathini na mitatu."

"Mwanangu ana kumi na minane! Huoni haya, baba mzima?"

Aliyeokoa jahazi ni Doña Herminia.

"Wee Abundio, hebu tulia. Huyu wangu nimemtafutia mke mpaka nimechoka, hajui hata kutongoza. Binti yako anatakiwa na chuo. Akasome!"

Baba alicheka mpaka akashika mbavu, na mama akatoka chumbani na gauni lake la sikukuu, akacheka naye. Lakini kicheko kilipoisha, baba hakuwa amelegea. Alimtazama Don Fide usoni.

"Huko nani atamwangalia?"

"Mimi."

"Na nani atanirudishia?"

"Mimi mwenyewe. Nitamshika mkono nimlete mpaka mbele yako."

Baba akachukua mkate mmoja, akaumega, akampa kipande. Nikajua nimeruhusiwa. Hadi leo nikisikia harufu ya mkate wa mdalasini moyo unanienda mbio.

Mtu mwingine angeficha aibu ile. Don Fide aliifanya kuwa utaratibu wa kazi. Kila kiangazi yeye na mama yake walizunguka bonde zima na boksi la mikate, wakiposea chuo: watoto wa wachumaji, watoto wa wafungashaji, na baadaye watoto wa Kiyakama, wenyeji wa asili wa bonde hili, wa Kifilipino, na Wazungu ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Wanafunzi wakampachika jina la mshenga, na yeye akaitikia. Kila mzazi aliuliza lile lile, naye alijibu lile lile. Ndiyo maana kwenye mahafali ya La Casita hatumalizi kwa hotuba. Don Fide humshika mhitimu mkono akiwa na joho lake, akamshusha jukwaani mpaka kwa wazazi wake, akasema, "Huyu hapa wako. Nimemrudisha." Hapo ndipo taulo linapohitajika.

Stoo ya mafagio sasa ni nyumba kamili yenye jiko, chumba cha kusomea, na ukuta wa picha za marehemu wetu tunaoupamba kwa maua kila Novemba. Yote hayo ni jasho lake. Kikundi cha ngoma pia alikianzisha yeye, ingawa yeye mwenyewe hucheza kama mtu anayezima moto kwa viatu, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia. Basi, leo ameambiwa.

Vyuo vikubwa vya mjini vilimwita zaidi ya mara moja, akakataa. Sababu yake ilikuwa fupi: alikuwa na watoto wa watu ambao hajawarudisha. Na kila vuli aliongeza wengine. Miaka miwili ikawa minne, minne ikawa kumi. Doña Herminia hakulalamika mbele yetu. Alioka, alipanda gari, alibisha hodi, aliwatuliza akina mama waliokuwa wakilia. Mara chache walikwenda Michoacán kutembea, lakini kutembea si kurudi. Kila walipoondoka huko, mfunga mlango alikuwa yeye, na ufunguo ulirudi nao shingoni.

Januari hii moyo ulimlaza Doña Herminia hospitali. Ana miaka themanini na minane. Nilikuwepo chumbani alipomshika mwanawe kidole, akamwambia bila hasira yoyote, "Umewarudisha watoto wa watu wote, Fidencio. Mimi utanirudisha lini?"

Don Fide alitoka nje, na kwa mara ya kwanza nilimwona akilia bila mtu wa kumtania. Wiki iliyofuata aliomba kustaafu. Daktari amesema mama anaweza kusafiri, mradi wasikawie. Wanaondoka Jumatatu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sherehe ya Ijumaa haitaishia ukumbini. Tutamshusha Don Fide jukwaani, na wahitimu wake wote watakaofika watatembea naye mpaka kwa Doña Herminia, mtaa wa pili tu kutoka hapa. Mkate uko tayari. Atakayebisha hodi ni baba yangu, ambaye sasa anatembelea mkongojo, na ambaye wiki nzima amekuwa akifanya mazoezi jikoni kwangu, kofia mkononi: "Doña Herminia, huyu hapa wako. Ulituazima miaka miwili. Tusamehe, tumechelewa kidogo."

Asante, Don Fide, kwa kila mlango uliobisha. Asante zaidi kwako, Doña Herminia, kwa mkopo ambao hatuna cha kuulipia. Tunawaombea safari njema, afya, na siku nyingi za utulivu. Na mkifika, mshenga wetu, simama nyuma kidogo. Mwache mama afungue mwenyewe.