Popi, Mapunye na Mkono Niliouficha

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu. Wengi wenu mnanijua kwa mgongo, kwa sababu kinanda chetu kinatazama ukuta. Leo nimeomba nafasi nigeuke.

Kinanda sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kusikiliza, na mpaka leo naogopa kwamba siku moja nitagundulika. Nikikosea noti moja Jumapili, naibeba wiki nzima. Nikitoka nyumbani hurudi kuangalia kama nimefunga mlango, na kila mara huukuta umefungwa. Ndivyo nilivyo.

Ninaishi na dada yangu Rehema, anayeuza mboga soko la Majengo, na binti yake Neema, mtoto wa chekechea. Baada ya mavuno nilikwenda Chemba kumsalimia mjomba, nikarudi na mbwa mdogo ndani ya boksi. Nikamwita Popi. Sitawaficha: yule mbwa alinipumzisha. Akilala kwenye mkono wangu, moyo ulitulia. Karibu na sikio alikuwa na vipara vya mviringo. Nikasema boksi limemkwaruza njiani.

Haukupita muda, ukaniota mduara kwenye kifundo cha mkono, mwekundu pembeni, unawasha. Ndugu zangu, hapo ndipo kifungo changu kilipoanza. Mnajua tunavyotoka ibadani: wa kwanza anasimama nje, wa pili anampa mkono na kusimama pembeni yake, mpaka kanisa zima limesalimiana. Mimi niliona aibu kuutoa mkono ule. Basi nikabaki kwenye kinanda. Nilipiga wimbo wa kutokea, nikaurudia, nikauongezea beti, mpaka mstari wote ukatawanyika. Mzee mmoja wa kanisa alinitania akiuliza kama nina mpango wa kuwalaza hapa. Mchungaji akanisifu mbele yenu kwa moyo wa kujitoa. Nikainamisha kichwa, nanyi mkadhani ni unyenyekevu.

Nilitafuta dawa peke yangu, kama ninavyofanya kila kitu. Nilinunua krimu ya kung'arisha ngozi ambayo watu wanaisifu. Wekundu ukapungua, nikashangilia. Kisha mduara ukafumuka, mpana kuliko mwanzo, na mwingine ukatokea shingoni. Kwa ajili ya Popi nilimpigia mjomba simu, akaniambia nimwogeshe dawa ya kupe, ile wanayoogeshea ng'ombe. Nami kwa kutaka kazi isiwe na kasoro, nikaichanganya kali zaidi ya alivyoniambia. Mbwa alitetemeka na kutokwa na mate mpaka nikapiga magoti uani, nikilia na kummiminia maji safi. Alipona, Bwana asifiwe. Lakini vipara vilibaki palepale.

Ndipo Neema akaanza kujikuna kichwa. Nywele zikakatika, pakabaki mapunye yenye magamba. Mwalimu akamrudisha nyumbani. Dada alimtazama mtoto, akamtazama mbwa, akanitazama mimi na shati langu la mikono mirefu katika jua la Dodoma. Akaelewa kila kitu.

"Jumatatu nikirudi kutoka sokoni nisimkute huyo mbwa," alisema. "Umpeleke porini, umpeleke unakojua. Nimemaliza."

Jumapili ile nilikuja hapa nikiwa nimeshatafuta gunia la kumbebea. Nilipiga wimbo wa kutokea nikiona giza mbele yangu. Mstari ukaisha, nikaendelea tu. Mama Chibago, ambaye ninyi mnamjua kwenye kwaya ya akina mama, akarudi ndani kuchukua mwavuli aliousahau.

"Mwanangu, nje hakuna mtu. Unampigia nani?"

"Najipigia tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Lete mkono."

Nikaurudisha nyuma. Nikamwambia mkono una ugonjwa. Hakurudi nyuma hata hatua. Aliniomba nikunje shati, akatazama, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Nyumbani unafuga nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa sijui kwamba mama huyu ni daktari wa mifugo! Kila Jumapili alisimama kwenye ule mstari, na kila Jumapili mimi niliukimbia.

Alikuja nami nyumbani siku ileile. Alitueleza, mimi na dada, kwamba hii ni fangasi, inahama kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu kwa kugusana, kwa manyoya yaliyokatika, kwa matandiko na kitana. Kwamba dawa ya kupe inaua kupe tu, na inaweza kuua hata mbwa. Kwamba krimu yangu ilituliza ngozi huku ikiiacha fangasi itambae. Mtoto aende hospitali, kwa sababu mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza. Nami niende. Popi angemtibu yeye, afungwe nyuma ya nyumba mpaka apone.

Dada alikuwa bado amekunja uso. Akauliza kwa nini tusimtupe tu.

"Mtoto atapona kwa dawa, mbwa awepo asiwepo," Mama Chibago akamjibu. "Ukimtupa hivi anavyoumwa, atakwenda kulala mlangoni kwa mtoto wa mwenzio."

Dada akasema, "Akae. Ila ndani asiingie."

Matibabu yalikwenda polepole, nami si mtu wa polepole. Nilifua, nikaanika, nikanywa dawa hata nilipojiona nimepona, kwa sababu tuliambiwa tusikatishe. Nywele za Neema zimerudi na yuko shuleni. Juzi nilimsikia dada uani akimwambia Popi apunguze haraka, ugali bado wa moto.

Namshukuru Mungu kwa uponyaji, na kwa mwavuli uliosahauliwa. Na wewe uliyekaa hapo na kitu umekifunika kwa nguo, unakitibu kimyakimya kwa kubahatisha: nakusihi, mwamini Bwana, na uwaamini pia watu aliokuwekea. Kionyeshe kwa mtu anayejua.

Hospitali wameniambia ngozi yangu ni safi. Kwa hiyo leo wimbo wa kutokea ataupiga kijana ninayemfundisha. Atakosea, mvumilieni. Mimi nitakuwa nje, kwenye mstari, na mikono ya shati nimeikunja.