Mwalimu Aliyeuliza Aina ya Kuchuchumaa

Ndugu wafiwa, muzee wetu Antoine Uyirwoth alizaliwa Mahagi tarehe 14 mwezi wa pili 1958, miguu ikitangulia, mkunga akasema huyu anataka kusimama kabla ya kulia. Alisoma primaire, shule ya msingi, kwao, akamaliza ualimu Bunia mwaka 1979, na tangu hapo akafundisha gymnastique, mazoezi ya viungo, katika mtaa wa Mudzipela, kwa bomba la chuma lenye ndoo ya simenti kila upande.

Alipenda flexion, yaani kuchuchumaa na kuinuka, kama wengine wanavyopenda nyama ya mbuzi: mzigo mgongoni, alisema, unajenga makalio na nguvu nyingi, mzigo kifuani unakaza mapaja na kunyoosha mgongo, mguu mmoja unaufichua mguu mvivu, na ile ya mama mbele ya mafiga, visigino chini, aliiweka ya mwisho, eti hiyo ni ya kupika sombe, majani ya muhogo. Clémence, aliyefunga naye ndoa tarehe 17 mwezi wa nane 1991, akamzalia Landry na Christella, alimjibu: "Weye unainua simenti, lakini sombe iko inakuinua weye!"

Mwezi wa tano 2003, asubuhi ya ukungu, walipokimbia vita na majirani, Clémence akiwa na mimba ya miezi saba, wenye bunduki waliwasimamisha njiani: "Chuchumaeni! Mwenye ataanguka, atabaki hapa." Antoine, ualimu umemkaa damuni, akauliza: "Flexion ya aina gani, chef?" Hata bunduki zilicheka. "Ile yenye unajua, muzee!" Basi akawaelekeza wenzake kwa sauti ya darasani, mgongo na kifua tuviache, visigino chini, magoti wazi, kama mama jikoni, na ukungu ukawafunika mpaka kiunoni, watu kumi na wawili wakaelea kama bata ziwani, Clémence akimwegemea begani, saa nzima kama ndoto, hadi wenye bunduki wakachoka wao kwanza, wakasema ondokeni, na hakuna aliyeanguka.

Gentille, mtoto wa mimba ile, alizaliwa tarehe 21 mwezi wa saba, na tangu siku hiyo, darasani, ile ya mafiga ikawa somo la kwanza. Mwanzoni mwa 2006 figo zilimlaza, akatuacha tarehe 3 mwezi wa tatu, usingizini, akitabasamu.

Familia inawashukuru madaktari waliomhangaikia, walimu wenzake, na ninyi majirani mliochuchumaa naye njiani, mliofika wote leo, mkiwa wima. Antoine, sasa hakuna wa kukuamuru. Pumzika kwa amani.