Picha ya Magego ya Vumilia

Benchi la Amissi, pale Musinzira mjini Gitega, lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, nje ya kibanda chake cha cherehani. Mambo ya serikali yalijadiliwa zaidi hapo kuliko ofisini, tofauti ni kwamba hapo yaliisha. Asubuhi hiyo Kastori alikuwa amekalia ncha ya ubao na karatasi mkononi. Walimwita Bwana Fomu, maana alirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania na mfuko wa karatasi mzito kuliko wa nguo. Hii ilitoka kwa daktari wa meno. Daktari alitaka kumpiga eksirei Vumilia, binti wa Kastori, saa nne asubuhi hiyo. Ilisubiriwa sahihi ya baba.

— Meno yake meupe kabisa, alisema Kastori. Ila daktari anasema magego yamebanana. Ubovu ukianzia kati ya gego na gego, jicho haliuoni.

— Donke, basi, tia sahihi, akasema Amissi. We unangoja nini?

— Fomu inauliza umri.

Kisa wote kijiweni walikijua. Siku ya kurudi, pale mpakani, watoto wa chini ya miaka mitano walipanda basi na mama zao. Wengine juu ya lori, pamoja na mizigo. Mvua ilikuwa inanyesha. Vumilia alikuwa na miaka sita, Kastori akamwandikisha minne. Sasa ni wa minane, na serikali inamjua wa sita.

Faridi akaweka kikombe chini. Aliitwa Dogiteri kwa sababu aliwahi kulinda geti la zahanati kule Muyinga, miezi mitatu.

— Hiyo picha iko mbaya, bwana. Inaonyesha mpaka meno ya ukubwa, yale iko chini bado. Wanayahesabu, wanajua mwaka alizaliwa.

— Na mwezi? akauliza Kastori.

— Na siku, kama mashine ni mpya.

— Mi nilisikia inaonyesha na sukari yote alikula kambini, akasema Amissi.

— Halafu ofisi ya komini inaandikia Kobero, pale mpakani, akaendelea Faridi. Kobero wanajibu: huyu wa minane katoka wapi? Na yule wa minne mlimwacha wapi?

— Yampayinka! akashtuka Kastori. Watamtafuta.

— Watakwambia we mwenyewe umlete.

Kastori akaliona faili likifunguliwa: mtoto mmoja kazidi, mmoja kapungua. Akaikunja karatasi mara mbili.

— Basi naacha. Kwani analia? Mwenye jino bovu hulia.

Mama mmoja wa Bukirasazi, Jovina, alikuwa amekaa pembeni na kitambaa chake, akingoja kupimwa gauni.

— Samahani, baba. Mtoto anatafunia upande gani?

Faridi akatazama ndani ya kikombe. Amissi akakanyaga cherehani, na hapakuwa na nguo chini ya sindano.

Kastori alikumbuka namba ya lile basi. Alikumbuka kilo za mtoto zilizoandikwa Kobero. Akajaribu kumwona Vumilia anakula maharage, akaona kisogo tu. Tangu lini mtoto huyu anakula amegeukia ukutani?

— Amissi, una kalamu?

— Iko chaki ya nguo tu.

Kastori akaikunjua karatasi juu ya goti, akaichukua hiyo chaki ya buluu. Penye umri akaandika minane, akatia sahihi, kisha akaondoka kwa miguu ya haraka kuelekea nyumbani. Ilikuwa saa tatu na nusu.